Kujitolea, Ugeni na Lugha: Shughuli za Utamaduni Miongoni mwa Vijana wa Kanamkemer na Kakuma

Utangulizi

Kanamkemer ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Turkana ya Kati. Imeshikana na mji wa Lodwar, ambao ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, hata mgeni anayeshuka kwenye basi la kutoka Kitale huenda asitambue mji unakomea wapi na wadi inaanzia wapi. Takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa hapo ndipo ilipo Kakuma, mji ambao jina lake lilianza kusikika duniani mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa mwaka 2016. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti nzima, na tarakimu hiyo haitoshi kumwonyesha msomaji jinsi idadi ya wageni ilivyo kubwa katika eneo hilo ikilinganishwa na ya wenyeji.

Wageni hao ni wa aina nyingi. Wapo waliofika kwa kukimbia, na wapo waliofika kwa kutaka. Makala haya yanajishughulisha zaidi na hawa wa pili: vijana wa kutoka ng'ambo, na hata wa kutoka Nairobi, Eldoret au Mombasa, wanaokwenda kukaa miezi michache katika eneo hilo ili kuandaa michezo, ngoma, maigizo, maonyesho ya filamu na mikutano ya vijana. Desturi hiyo si ngeni. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliingia Turkana mwaka 1961 wakati wa njaa, na Dayosisi ya Lodwar ikaundwa mwaka 1978. Tangu wakati huo kanisa limekuwa mlango mmoja mkuu wa kuingilia wanaojitolea. Mlango wa pili ulifunguka Kakuma baada ya 1992, pale mashirika ya misaada yalipopiga kambi kando ya kambi.

Mengi yameandikwa kuhusu chakula, maji na usalama wa eneo hili. Yaliyoandikwa kuhusu shughuli za utamaduni ni machache, na katika hayo machache lugha hutajwa kama tatizo la kiufundi tu, yaani suala la kumpata mkalimani. Makala haya yanashikilia kwamba lugha ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayo sababu ya kulitazama kwa jicho la karibu.

Neno lenyewe

Inafaa kuanza na neno kujitolea, kwa kuwa hulisemwa mara nyingi bila kutafakariwa. Mzizi wake ni kitenzi toa. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea hupatikana tolea, na kiambishi ji cha kujirejelea kikitangulia hupatikana jitolea. Maana iliyozoeleka ni kuitoa nafsi kwa ajili ya mtu au jambo fulani, kama katika kujitolea mhanga. Hata hivyo, kauli ya kutendea katika Kiswahili ina uso zaidi ya mmoja. Mtu akisema kwamba mtoto amejitolea nguo kabatini, hakuna atakayefikiri kuwa mtoto huyo amejitoa mhanga. Kilichoelezwa ni kwamba ametoa nguo kwa ajili yake mwenyewe. Umbo ni lilelile, mwelekeo wa faida ndio uliogeuka. Isitoshe, kauli hiyo ya kutendea ikiondolewa hubaki kujitoa, ambako ni kuacha, kuondoka katika shughuli.

Hii si michezo ya maneno. Kijana wa Ulaya anayekuja Kanamkemer kwa miezi sita huitoa nafsi yake kweli: huvumilia joto, malaria na upweke. Wakati huohuo hujitolea uzoefu, picha, na barua ya kumsaidia kupata kazi au nafasi ya chuo arudipo kwao. Mkataba ukiisha, hujitoa. Maana zote tatu zimo katika mtu mmoja na katika safari moja, na Kiswahili kimezihifadhi katika umbo linalotofautiana kwa kiambishi tu. Si haki kumlaumu kwa hilo. Ila si haki pia kuiona maana ya kwanza pekee.

Jambo zito zaidi ni nani asiyeitwa kwa jina hilo. Kwa miaka mingi kambini Kakuma, mkimbizi aliyefundisha darasani, aliyetafsiri hospitalini au aliyepanga mashindano ya vijana hakuweza kulipwa mshahara wa kawaida, kwa kuwa vibali vya kazi vilikuwa adimu mno. Alilipwa posho inayojulikana kambini kwa jina la insentivu, iliyo chini sana ya malipo ya Mkenya anayefanya kazi ileile. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilitambua haki ya mkimbizi ya kushiriki katika uchumi wa nchi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 (mpango ambao, kwa furaha ya wapenzi wa lugha, umepewa jina la Kiswahili) unanuia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida. Lakini katika usemi wa kila siku tofauti imebaki: mgeni wa miezi sita ni mwenye kujitolea, na mwalimu mkimbizi wa miaka kumi ni wa insentivu. Mmoja ametajwa kwa nia yake, mwingine kwa malipo yake.

Upande wa wenyeji mambo yalikuwa kinyume. Wahudumu wa afya vijijini, Turkana kama kwingineko nchini, waliitwa kwa miaka mingi wahudumu wa kujitolea, na jina hilo likawa sababu ya kutowalipa. Mwaka 2023 serikali ilibadilisha cheo chao na kuwawekea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa serikali kuu na nusu kwa kaunti. Katika mabadiliko hayo neno la kujitolea liliondolewa katika cheo. Yaelekea waliolitunga cheo hicho kipya walikuwa wametambua uzito wa neno kuliko wengi wanaolitumia.

Jina la Kakuma

Katika vitabu, magazeti na filamu nyingi za Kiingereza kuhusu kambi hii, msomaji hukutana na dai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni mahali pasipo popote. Dai hilo limerudiwa mara nyingi hata likakubalika kama ukweli. Waandishi hulipenda kwa sababu linawapa sentensi ya kufungulia: watu wasio na kwao wamewekwa mahali pasipo pahali.

Kiswahili hakina neno hilo lenye maana hiyo. Aliyelelewa katika lugha hii anajua kuwa dhana hiyo huelezwa kwa kukanusha: si popote, hakuna mahali, pasipojulikana. Anajua pia kwamba silabi mbili za mwisho za jina hilo, zikitengwa, zinaelekea upande mwingine kabisa ambao adabu ya jarida hili hairuhusu kuufafanua. Jina hili lafaa kutazamwa pamoja na majirani zake. Majina ya mahali katika Turkana huanza kwa wingi na Lo, Na na Ka: Lodwar, Lokichar, Lokitaung, Nariokotome, Nadapal, Kalokol, Kalobeyei, Kakuma, Kanamkemer. Lo na Na zinahusiana na jinsia ya kisarufi katika Kiturkana, lugha ya Kinailoti cha Mashariki isiyo na ngeli za Kibantu. Jina la Kakuma basi ni la wenyeji, na limekuwepo kabla ya kambi.

Kwa nini jambo hili litiwe katika mjadala wa kujitolea? Kwa sababu kosa hilo lingekwisha kwa swali moja. Ingetosha mwandishi mmoja amwulize mwenyeji mmoja jina hilo ni la lugha gani. Halikuulizwa, au liliulizwa kwa mtu asiyehusika, na Kiswahili kikabebeshwa ushahidi wa upweke ambao hakikuutoa. Mturkana aliyezaliwa Kakuma, ambaye kwake hapo ndipo mahali penyewe, anaambiwa na vitabu kwamba anaishi pasipokuwepo. Mradi wa utamaduni unaoanza na sentensi hiyo umekwisha kumwondoa mwenyeji jukwaani kabla ngoma haijaanza.

Yapo pia majina yanayokwenda upande wa pili. Mafuta yalipogunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012, kisima cha kwanza kiliitwa Ngamia, na kingine kikaitwa Twiga, kwa Kiswahili. Baadaye yakafuata majina ya Kiturkana kama Etuko, yaani punda milia, na Ekales, yaani mbuni. Hata kampuni za mafuta zilijifunza kuuliza.

Ugeni wa aina mbili

Wasemaji wa Kiswahili hupenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inamchukulia mgeni kuwa dawa, na haishangazi kwamba hutajwa sana katika hotuba za kuwapokea wafadhili. Mwenzake ni ile ya siku mbili mgeni, siku ya tatu umpe jembe. Ya pili ndiyo inayofaa kufikiriwa zaidi, kwani inaweka mpaka wa ugeni na kumtaka mgeni aingie katika kazi ya nyumba aliyofikia, kwa zana ya nyumba hiyo. Jembe si zana kuu ya mfugaji, ingawa mtama hulimwa kandokando ya mto Turkwel. Kwa Kanamkemer pengine mgeni angepewa mtungi wa maji au mbuzi wa kuchunga. Hoja haibadiliki: zana ni ya mwenyeji.

Katika Kiturkana neno emoit, ambalo wingi wake ni ng'imoe, hutumika kwa adui na pia kwa mtu wa kabila la nje. Muktadha ndio unaoamua. Historia ya uvamizi wa mifugo kati ya Waturkana na majirani zao inaeleza kwa nini maana hizo mbili zikakaa chumba kimoja. Anayefika na fulana yenye nembo ya shirika asidhani kwamba neno hilo halimhusu hadi atakapoonyesha upande aliko.

Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka chuo kikuu cha kusini naye ni mgeni vilevile. Imezoeleka kusikia watu wa Lodwar wakisema kwamba mtu amesafiri kwenda Kenya, wakimaanisha Kitale na kuendelea kusini. Kauli hiyo hutajwa kama kichekesho, lakini ina historia: wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambamo mtu hakuingia bila kibali, na palikuwa mahali pa kuwaweka wafungwa wa siasa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Serikali ilipaona kuwa mbali kiasi cha kutosha. Anayetoka Nairobi leo na Kiswahili chake sanifu mfukoni anakuja na lugha ya taifa ambalo kwa muda mrefu lilipafanya hapo kuwa nje.

Edonga na kijana asiye na maksai

Shughuli ya utamaduni inayoombwa zaidi na wageni ni ngoma, na ngoma inayojulikana zaidi ya Waturkana ni edonga. Wachezaji husimama katika duara au nusu duara, huimba kwa kupokezana, na wanaume huruka juu kwa zamu. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza kinachovutia ni kuruka. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi kinachovutia ni maneno, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyimbo hizo ni sifa za ng'ombe. Mwanamume wa Kiturkana, kama wenzake wa Karamoja, huwa na maksai wake mteule, emong. Humwimbia maksai huyo, huyataja mabaka na pembe zake, na huinua mikono kuiga umbo la pembe hizo. Jina lake yeye mwenyewe laweza kutokana na maksai huyo.

Mtaala wa Kiswahili unazo istilahi za karibu: majigambo au vivugo. Lakini zinapwaya kidogo. Katika majigambo mtu hujisifu kwa matendo yake. Katika wimbo wa maksai, mtu hujisifu kwa kupitia kiumbe mwingine, na anayesifiwa na anayesifu huingiliana hata mstari mmoja ukaweza kusomwa kwa wote wawili. Waainishaji wa tanzu za fasihi simulizi wangefaa kuutazama utanzu huu upya badala ya kuusukuma ndani ya sanduku lililokuwepo.

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, ambao misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya na kuzisukuma familia mijini. Kanamkemer ni mojawapo ya mahali ambapo familia kama hizo huishia. Kijana wa miaka 19 aliyekulia hapo, anayeendesha bodaboda na kusikiliza muziki wa Nairobi kwenye simu, anapoombwa na mgeni acheze edonga, aimbe maksai yupi? Anaweza kuimba wa babu yake. Anaweza kuimba wimbo aliofundishwa shuleni kwa ajili ya Tamasha la Muziki, ambamo mwalimu ameyaondoa majina ya ng'ombe na kuingiza ujumbe wa elimu au amani. Anaweza pia kuruka tu, kwa sababu hicho ndicho kitakachopigwa picha.

Kila moja ya njia hizo ni halali, na kila moja ni kazi tofauti ya fasihi. Ya kwanza ni urithi, ya pili ni utunzi mpya, ya tatu ni onyesho. Mwandalizi asiyezitofautisha ataandika katika ripoti yake kwamba vijana walicheza ngoma ya asili. Mwandalizi anayejua kuuliza huenda akapata kitu kikubwa zaidi, yaani wimbo wa kijana kuhusu maksai asiyekuwepo. Huo ungekuwa wimbo wa kweli wa Kanamkemer ya leo, na hakuna sababu ya kuuona kuwa wa asili pungufu.

Kakuma inaongeza jambo ambalo halijatumiwa ipasavyo. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, ambao wamekuwa sehemu kubwa ya wakazi wa kambi tangu mwanzo, wanao utanzu uleule. Francis Mading Deng aliuonyesha katika kitabu chake kuhusu Wadinka na nyimbo zao (1973): kijana hupata jina la maksai na humtungia nyimbo. Watoposa, ambao nao ni wa Sudan Kusini, wanazungumza lugha ya kundi la Ateker inayokaribiana sana na Kiturkana. Kumbe wakimbizi na wenyeji, ambao magazeti huwataja pamoja mara nyingi panapotokea ugomvi wa kuni au maji, wanashiriki utanzu wa fasihi ambao wageni wengi wanaowapatanisha hawaufahamu. Warsha nyingi za amani huanza kwa kuchora mabango. Jioni moja ya vijana wa pande mbili kuelezana rangi na pembe za maksai wao ingefika mbali zaidi, na gharama yake ni chai.

Lugha ya mkutano

Jioni ya namna hiyo ingefanyika kwa lugha gani? Jibu la haraka la mwanachama wa chama cha Kiswahili ni Kiswahili, na kwa kiasi kikubwa jibu hilo ni sahihi. Watoto kambini husoma kwa mtaala wa Kenya. Wakongo na Warundi wengi walifika na Kiswahili chao. Msomali aliyekaa Kakuma miaka kumi hununua na kuuza kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Lakini ni Kiswahili kipi? Mkongo husema batoto na aksanti; kijana wa Lodwar huchanganya Kiturkana na misemo ya Sheng iliyopanda na mabasi; mwalimu hudai usanifu; Msudani Kusini husitasita kati ya Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Mgeni kutoka ng'ambo aliyejifunza Kiswahili kwa wiki sita Dar es Salaam au Zanzibar hupigwa na butwaa. Kosa linalotokea hapo mara kwa mara ni kusahihisha. Mwandalizi anayemwambia kijana wa Bukavu kwamba si batoto bali ni watoto, mbele ya wenzake, amemnyima kijana huyo faida pekee aliyokuwa nayo chumbani, ile ya kuwa msemaji wa tangu utotoni.

Aidha, kuna mahali ambapo Kiswahili hakihitajiki. Katika Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni na utalii linaloandaliwa Lodwar na serikali ya kaunti, hualikwa jamii za Ateker kutoka nchi jirani: Wakaramojong na Wateso wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Wengi wao husikilizana bila mkalimani. Kukiingiza Kiswahili hapo kwa ajili ya kumridhisha mgeni wa Nairobi ni kufanya yaleyale ambayo Kiingereza kimekifanyia Kiswahili.

Kwa upande wa vyombo vya habari mambo yamechanganyika. FilmAid, shirika lililozaliwa mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo, lilifika Kakuma mwaka 2001 likionyesha filamu usiku kwa turubai na lori, kisha likaanza kuwafunza vijana kutengeneza filamu zao wenyewe. Hatua hiyo ya kutoka kumtazamisha kijana hadi kumkabidhi kamera ndiyo ya kusifiwa. Mwaka 2008 lilianzishwa gazeti la wakimbizi, KANERE, kwa msukumo wa awali wa mtafiti kijana kutoka Marekani. Yeye aliondoka, gazeti likabaki mikononi mwa wakimbizi. Ni kipimo kizuri cha kazi ya kujitolea, kwamba haikuanguka mgeni alipoondoka. Hata hivyo, lugha kuu ya gazeti hilo ni Kiingereza. Uamuzi huo unaeleweka, kwani malalamiko ya kambini huamuliwa Geneva na Nairobi. Ila unaonyesha pia kwamba msomaji aliyekusudiwa kwanza hayuko kambini.

Waliotangulia

Mjadala huu haukuanzia Turkana. Mwaka 1974 nchini Botswana ulianzishwa mradi wa Laedza Batanani, unaohesabiwa miongoni mwa vyanzo vya ukumbi wa michezo kwa maendeleo barani Afrika. Wataalamu walikuja vijijini, wakaandaa maigizo kuhusu matatizo ya wanakijiji, wakaondoka. Ross Kidd na Martin Byram, waliokuwa miongoni mwa waasisi wake, ndio waliokuja kuukosoa baadaye: matatizo yaliyoigizwa yalichaguliwa zaidi na viongozi na watumishi kuliko na maskini wenyewe.

Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Walikaa, wakafanya utafiti pamoja na vijana, na wakajenga kazi juu ya ngoma na sanaa zilizokuwepo kijijini badala ya kuleta tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Mlama ameeleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Kinachowahusu wanaokwenda Kanamkemer ni mpangilio wa kazi: kwanza kukaa, kisha kuuliza, kisha sanaa, kisha majadiliano, na mwisho hatua ambayo wanakijiji wenyewe wameikubali. Mgeni wa miezi sita ambaye ratiba yake inamtaka afanye onyesho katika wiki ya tatu amekwisha kuruka hatua mbili.

Kamiriithu ni mfano wa tatu, na ni wa tahadhari kwa namna nyingine. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu mwaka 1977, na wanakijiji wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Wakulima na wafanyakazi walirekebisha lugha ya matini wakati wa mazoezi, na profesa akawa mwanafunzi. Igizo lilianza Oktoba, likapigwa marufuku Novemba, na Ngugi wa Thiong'o akakamatwa mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Jukwaa lenyewe lilibomolewa mwaka 1982. Tofauti na Laedza Batanani ni dhahiri: pale ambapo watu walizungumza lugha yao na kuamua hoja yao, serikali ilisikia. Mgeni mwenye pasipoti ya ng'ambo anayewahimiza vijana wa kambi waigize madai yao hana budi kukumbuka kwamba yeye akifukuzwa atarudi nyumbani. Kijana mkimbizi hana pa kurudishwa palipo salama. Ujasiri wa mtu mmoja usilipiwe na mwingine.

Ulinzi wa kilichoimbwa

Kuna hatua moja ambayo hupitwa upesi katika miongozo mingi, nayo ni kuhusu rekodi. Mwishoni mwa mradi mgeni huondoka na simu iliyojaa nyimbo, hadithi na vitendawili. Nia yake ni njema, na huenda atazionyesha katika shule ya kwao. Lakini Kenya imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni tangu mwaka 2016. Sheria hiyo inataka jamii yenye sanaa iridhie kabla haijatumiwa na mtu wa nje, tena iridhie baada ya kuelezwa itatumiwaje, na inazihusisha serikali za kaunti katika usajili. Waandalizi wachache huitaja.

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi watakaokwenda Lodwar au Kakuma kwa utafiti au kwa kujitolea, kazi hii ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Maelezo ya matumizi yatolewe kwa lugha ambayo mwimbaji anaiota, si kwa Kiingereza cha fomu. Palipo na mkalimani, jina lake liandikwe, kwa kuwa tafsiri ni kazi ya sanaa na wengi wanaoifanya Kakuma ni haohao wa insentivu. Kila wimbo uwe na ukurasa wake: mwimbaji, kijiji au sehemu ya kambi, siku, lugha, nani waliitikia. Wimbo ukiwa wa maksai, jina la maksai nalo liandikwe, na kama alikufa katika ukame, mwaka wake. Mkimbizi asiyetaka jina lake halisi litokee aulizwe angependa kuitwaje. Nakala ya kwanza ibaki Lodwar au Kakuma kabla ya nyingine kupanda basi, na iwe mahali ambapo mwimbaji anaweza kuingia bila kuomba kibali cha mtu.